Nataka kutafiti vinasaba vya kisukari, nianzie wapi?

Swali: Shikamoo Daktari. Nina shahada ya sayansi ya maabara na nafanya kazi kituo cha afya huku Kongwa. Mama yangu ana sukari, bibi alikuwa nayo, na mama mdogo amegundulika mwaka jana. Nataka kuwa mtafiti wa vinasaba vya kisukari, ila kila ninayemwambia anacheka, anasema hiyo ni kazi ya Wazungu wenye mashine zao. Mtafiti wa aina hiyo hufanya nini hasa maisha yake yote? Na mtu wa huku anaanzia wapi? Halafu kuna jambo linanisumbua: mama akipima kidole asubuhi kabla hajala inasoma 9, siku nyingine 10, lakini HbA1c imetoka 6.4 na wakamwambia anaendelea vizuri. Imekaaje hiyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kushuku namba iliyotoka kwenye mashine. Wengi wetu wa maabara tukishazoea kazi huacha. Nitaanza na hilo la mama kwa sababu maswali yako mengine mawili yamo humohumo.

HbA1c hupima glukosi iliyoshikamana na himoglobini ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa hesabu inayotumika sasa, HbA1c ya asilimia 6.4 ni sawa na wastani wa sukari wa 7.6 hivi kwa kipimo kilekile cha kidole (mmol/L). Mama anaamka na 9 au 10, chai hajanywa. Kwa watu wengi sukari huwa chini asubuhi kabla ya kula kuliko saa nyingine, kwa hiyo wastani wa siku nzima ukiwa chini ya hapo, namba mojawapo haisemi kweli.

Anza kuishuku ya kidole. Stripu hazipendi joto wala unyevu, na kopo likiachwa wazi dirishani Kongwa mwezi wa kumi, zinaharibika kabla ya tarehe yake. Mikono nayo: mtu aliyetoka kumenya embe au kuchambua zabibu akichomwa kidole bila kunawa, umepima tunda. Mnawishe kwa sabuni, mkaushe, rudia. Kisha mtoe damu ya mshipa. Hapo jihadhari na jambo tunalolijua sote na kulisahau sote: damu ikikaa kwenye tyubu ya kawaida, chembe zinaendelea kula glukosi, na kwa joto la chumba sukari hupungua asilimia 5 hadi 7 kila saa. Tyubu ya kifuniko cha kijivu ina floridi ya kuzuia ulaji huo, ila haishiki papo hapo; saa moja hadi mbili za mwanzo sukari bado inashuka. Sampuli iliyotolewa Kongwa saa tatu asubuhi, ikasubiri gari la Dodoma mjini mpaka saa nane mchana, si ileile tena hata kama kifuniko ni sahihi. Iweke kwenye barafu, au izungushe mapema kwenye sentrifuji utenge plazima.

Ya kidole ikithibitika, geukia HbA1c. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Chochote kinachofupisha umri huo, iwe malaria kali, kupoteza damu au selimundu, huipunguzia glukosi muda wa kushikamana, na HbA1c inatoka chini kuliko hali halisi. Aliyeongezewa damu karibuni naye kipimo chake hakiaminiki, kwa sababu ana himoglobini ya mtu mwingine. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume: huipandisha. Vinasaba vinaingia hapa. Mwaka 2017 utafiti wa Wamarekani weusi ulionyesha kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu, ambaye haumwi chochote, HbA1c yake husoma chini kwa takriban 0.3 kuliko mwenzake mwenye sukari ileile. Mwaka huohuo utafiti mwingine, mkubwa zaidi, ulikuta badiliko la jeni ya G6PD ambalo hushusha HbA1c kwa 0.81 kwa mwanamume, na kwa karibu 0.7 kwa mwanamke aliyelipata kwa wazazi wote wawili. Badiliko hilo ni la watu wenye asili ya Afrika, na limeenea kwetu kwa sababu ileile ya selimundu: malaria.

Sasa piga hesabu. Selimundu ya upande mmoja inaeleza 0.3, na pengo la mama yako linapita 1, maana wastani wa sukari wa 9.5 hivi ungetoa HbA1c inayozidi 7.5. Kwa hiyo usikimbilie kusema ni vinasaba. Mfanyie FBP (picha kamili ya damu) uangalie wingi wa damu na ukubwa wa chembe, mpime selimundu, na ikiwezekana apimwe G6PD na fruktosamini kwenye hospitali kubwa. Fruktosamini haitegemei himoglobini, hueleza sukari ya wiki mbili tatu zilizopita. Mama asiongeze wala kupunguza dawa mpaka daktari wake azione namba zote kwa pamoja.

Kazi ya mtafiti ni hiyohiyo, ila kwa watu elfu badala ya mmoja. Kuna namba mbili zinazogombana, na lazima ujue ni ipi inayodanganya na kwa nini. Wanaokucheka wanadhani kazi hii ni mashine ya kusoma vinasaba. Mashine hukodiwa, sampuli hupelekwa mahali inaposomwa, majibu yanarudi kwenye kompyuta. Kisichokodiwa ni mgonjwa aliyepimwa sawasawa na kuandikwa sawasawa, na huyo yuko kwenu.

Ulichouliza kuhusu maisha yote ya mtafiti, nikujibu hivi. Fani hii ina kazi mbili zinazoenda pamoja. Ya kwanza ni kuwinda jeni kwenye ukoo na kwenye jamii: nani anaugua, nani haugui, vinasaba vyao vinatofautiana wapi. Ya pili ni kufuatilia ishara ndani ya seli: jeni ikishajulikana, protini yake inafanya nini, inaongea na nani, hitilafu iko hatua ya ngapi. Wako wanaokaa upande mmoja mpaka wanastaafu. Mimi nawaheshimu zaidi wanaovuka.

Chukua upande wa ishara kwanza. Insulini haiingii ndani ya seli ya msuli kupeleka sukari, ingawa wengi tulifundishwa karibu na hivyo. Inafika mlangoni, inabisha hodi, na kazi yote inayofuata hufanywa na wenyeji. Mlangoni pana kipokezi ambacho nusu yake iko nje na nusu iko ndani. Mwaka 1982 Masato Kasuga, C. Ronald Kahn na wenzao walionyesha kwamba ile nusu ya ndani ni kimeng'enya: insulini ikishika nje, huku ndani kipokezi kinabandika fosfeti kwenye sehemu maalumu za protini, kikianza na chenyewe. Mwaka 1991 ikapatikana jeni ya protini inayopokea ujumbe huo, IRS-1. Nayo huamsha kimeng'enya kiitwacho PI3K, kisha Akt, na mwishowe vibeba-glukosi vya GLUT4 vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani ya seli vinapanda juu kwenye utando. Hapo ndipo sukari inaingia.

Kahn, katika kituo cha kisukari cha Joslin mjini Boston, ameishi na kipokezi hicho miongo kadhaa. Akina sisi tukisikia hivyo tunauliza: kitu kimoja miaka yote hiyo? Tazama kilichotokea. Vitabu vilisema msuli ndio unaokula glukosi nyingi baada ya chakula, kwa hiyo msuli ukikataa insulini, kisukari kinakuja. Mwaka 1998 kundi lake lilitengeneza panya ambao misuli yao peke yake haina kipokezi cha insulini. Sukari yao ikabaki ya kawaida. Mafuta ya damu yalipanda, ndiyo, lakini sukari haikupanda. Mwaka 1999 walikiondoa kwenye seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, na panya wakashindwa kuitoa inavyotakiwa sukari ilipopanda. Kumbe seli hizo nazo zinaisikiliza insulini. Mwaka 2000 wakakiondoa kwenye ini, na hapo mambo yakaharibika vibaya. Swali lile moja, likiulizwa kiungo baada ya kiungo, likabadilisha ramani ya ugonjwa.

Kuna jaribio lao jingine la 1997 ambalo nikifundisha silikosi. Panya waliopungukiwa nusu ya kipokezi peke yake hawakuugua sana. Waliopungukiwa nusu ya IRS-1 peke yake vilevile. Walipozalishwa wenye upungufu wote wawili, wanne katika kila kumi walikuwa na kisukari kamili kufikia miezi minne hadi sita. Hitilafu mbili ndogo, kila moja haina neno, zikikutana kwenye njia ileile ya ishara zinaangusha mnyama. Ukiulizwa kwenu kwa nini bibi, mama na mama mdogo wanaugua na mjomba hana kitu, anzia hapo.

Upande wa kuwinda jeni nao una kisa chake, na hiki ningependa kila mfanyakazi wa kliniki ya watoto akijue. Seli beta hujuaje kwamba sukari imepanda? Glukosi inaingia, inachomwa, nishati inaongezeka, na nishati hiyo hufunga mfereji wa potasiamu kwenye utando wa seli. Mfereji ukifungwa, chaji ya umeme ya utando inabadilika, kalsiamu inaingia, insulini inatoka. Mwaka 2004 Anna Gloyn, Andrew Hattersley na wenzao, kutoka Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba baadhi ya watoto wanaozaliwa na kisukari wana badiliko kwenye jeni ya KCNJ11, na kwa sababu hiyo mfereji wao hukataa kufunga. Insulini ipo tele ndani ya seli, haipati amri ya kutoka.

Sasa, ni dawa gani hufunga mfereji huo bila kungoja nishati? Glibenklamidi! Kidonge cha zamani na cha bei ndogo, wazee wetu wamekimeza miaka na miaka. Mwaka 2006 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 49 wa aina hii waliojaribiwa kuhamishwa kutoka sindano kwenda vidonge vya kundi hilo. 44 wakaacha insulini kabisa. Usidhani ni kumpa tu mtoto kidonge nyumbani. Dozi zake ni kubwa na lazima awe chini ya daktari. Lakini tazama mlolongo: jeni ikaonyesha mahali, ujuzi wa ishara ukaeleza hitilafu, dawa ilikuwa tayari rafuni. Kanuni iliyobaki kliniki ni nyepesi: mtoto akigundulika na kisukari kabla ya miezi sita, apimwe jeni. Kwa miaka mingi maabara ya Exeter imekuwa ikipima sampuli za watoto kama hao kutoka nchi nyingi bila kuwatoza wazazi. Kinachokwamisha mara nyingi ni kadi ya mtoto iliyoandikwa "kisukari" bila umri alioanza.

Kisukari cha ukubwani cha familia kama yenu hakina jeni moja namna hiyo. Uchambuzi uliochapishwa 2024, wenye watu zaidi ya milioni 2.5, ulipata maeneo 611 ya vinasaba yanayohusiana nacho. Lenye nguvu zaidi miongoni mwa yale ya kawaida, TCF7L2, lilitangazwa mwaka 2006 na watafiti wa Iceland, na nakala moja yake huongeza uwezekano wa kuugua kwa kama mara 1.4. Ni kidogo. Ndiyo maana yeyote anayekuuzia kipimo cha vinasaba cha "kutabiri sukari" kwa sasa nakushauri ubaki na hela yako. Kumuuliza mtu kuhusu wazazi wake na kumpima kiuno hukupa taarifa nyingi bila gharama.

Jambo jingine la kukutuliza, maana huwa naona vijana wanafika kwenye fani hii wakidhani kila kitu ni damu ya ukoo. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake katika vijiji sita vya Tanzania, uliochapishwa 1989, ulikuta watu wazima wenye kisukari hawafiki asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ukakuta asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu na maeneo hayakufanana, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo moja kwa moja. Hata hivyo vinasaba vya taifa havibadiliki kwa kizazi kimoja. Kilichobadilika ni sahani, kazi za mwili, soda, pikipiki, na pengine vipimo vyenyewe kuongezeka. Jeni huamua nani anaangushwa mapema na mabadiliko hayo.

Basi kwa nini tuhangaike na jeni huku kwetu? Kwa sababu watu walioingia kwenye tafiti hizo kubwa wengi wao ni wa asili ya Ulaya, na vinasaba vya Afrika vina tofauti nyingi zaidi kuliko vya bara lolote. Tofauti hizo ni mtaji. Kwa Wazungu, mabadiliko mengi yaliyo jirani hurithiwa kwa pamoja, kwa hiyo unajua mtaa lakini hujui nyumba. Kwa Waafrika vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi. Mwaka 2007 watafiti wa TCF7L2 walipoongeza sampuli za Afrika Magharibi ndipo walipoweza kunyooshea kidole badiliko moja. Mwaka 2019 Adebowale Adeyemo, Charles Rotimi na wenzao walichapisha utafiti wa watu zaidi ya 5,000 wa Nigeria, Ghana na Kenya wakakuta eneo la ZRANB3 ambalo tafiti za Ulaya hazikuliona. Hawakuishia hapo. Walipunguza jeni hiyo kwenye samaki wadogo wa maabara, seli beta zikapungua. Hao wamevuka kutoka jeni kwenda kwenye seli.

Na kwetu kanda ya kati? Sarah Tishkoff na wenzake, katika utafiti wao wa 2007 kuhusu uwezo wa watu wazima kumeng'enya maziwa, walipima jamii za Tanzania, Kenya na Sudan, Wasandawe wakiwemo, wakakuta mabadiliko ya jeni tofauti kabisa na yale ya Ulaya, yanayofanya kazi ileile. Maziwa si kisukari, najua. Ila ukikaa Chemba au Kondoa, ndani ya mkoa mmoja una Wasandawe, Warangi, Waburunge na Wagogo, watu wa asili na vyakula mbalimbali, na mtu akikuambia hakuna cha kutafiti huku, mpe kiti akae kwanza.

Hata majina ya aina za kisukari tuliyoazima yanatukaa vibaya. Utafiti wa 2025 wa vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wakitibiwa kama aina ya kwanza ulikuta karibu theluthi mbili hawana kingamwili zinazotambulisha aina hiyo. Wana ugonjwa wa aina gani? Hilo ni swali la kumtosha mtu mpaka astaafu.

Kuanzia, sasa. Usianze kwa kutafuta ufadhili wa nje. Anza na daftari la kliniki yenu ya sukari. Kwa kila mgonjwa mpya pendekeza kwa mganga wako mfawidhi ziongezwe safu chache: umri alipogundulika, uzito na urefu siku hiyohiyo, alianzishiwa dawa gani, nani mwingine kwao anaumwa na upande upi, na kama amewahi kupimwa selimundu. Ukikuta kijana mwembamba ambaye alianza na insulini akaishiwa dawa, akakaa miezi bila kuzidiwa, huyo hafanani na kitabu. Mpe rufaa, na mwandike vizuri.

Usimtoe mtu hata tone la damu kwa ajili ya utafiti bila kibali. Vibali vya maadili kwa tafiti za afya hupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na sampuli zikitakiwa kwenda nje ya nchi pana mkataba wa kuzihamisha unaosema ni za nini, zitakaa wapi, nani atamiliki majibu. Usione ni urasimu tu. Damu nyingi ya Afrika imeshatoka kwa miaka ya nyuma na waliotoa hawakusikia chochote tena.

Kwa shule, shahada ya uzamili unaweza kuisoma hapahapa nchini: Chuo Kikuu cha Dodoma kipo mlimani hapo, Muhimbili wapo, Nelson Mandela Arusha wapo. Mimi nisingechagua chuo kwa jina la kozi. Ningemchagua msimamizi, nikauliza wanafunzi wake waliopita wamechapisha nini na wako wapi. Muhimbili kuna somo zuri la kuigwa: akina Julie Makani walianza na kliniki ya selimundu, wakawaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia kuanzia 2004, na tafiti za vinasaba zikajengwa juu ya wagonjwa hao. Kliniki ilitangulia.

Mshahara sitakudanganya. Mtafiti kijana huishi kwa mikataba ya mradi ya mwaka mmoja au miwili, na kati ya mradi na mradi kuna miezi mikavu. Kwa hiyo usiache ajira yako ya kituo. Omba ruhusa ya masomo kupitia mwajiri, hata ikichelewa.

Wakati unangoja, jifunze kuchambua data. Programu ya takwimu iitwayo R haiuzwi, na kompyuta ya mkononi ya kawaida inaitosha. Uliza kwanza uongozi utaratibu wa kutumia taarifa za wagonjwa, ondoa majina, kisha chukua namba za kliniki yenu ambako mtu mmoja ana sukari ya asubuhi na HbA1c za karibu wakati mmoja, uzichore kwenye grafu. Wale wanaokaa mbali na mstari, tafuta mafaili yao uone FBP zilisomaje. Ukiwa na grafu hiyo na ukurasa mmoja wa maelezo, msimamizi yeyote anayeijua kazi atakusikiliza.